Amana ya Kura: Somo kwa Mwenye Kuona Kuwa Hakuna wa Kuchaguliwa

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeamrisha uadilifu na kukataza dhulma. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Kila miaka mitano watu wa Shinyanga, Kahama na Geita huitwa kupiga kura, na kila mara husikiwa maneno yale yale, barazani, na mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya Alasiri, na katika vibanda vya chai vilivyo karibu na machimbo. Mmoja husema: "Huyu ni mwizi, na yule hajulikani, na wa tatu hana analolijua. Basi mtu mwenye dini amchague nani?" Mwenziwe humjibu: "Kaa nyumbani kwako, usitie mkono katika uchafu." Na wa tatu husema: "Mpe anayetoa kitu, kwani hata usipompa ataingia."

Maneno haya matatu ni mepesi mdomoni na mazito katika hesabu. La kwanza ni suali la haki, lataka jawabu. La pili laonekana kuwa ni ucha Mungu, na huenda likawa ni uvivu uliovaa kanzu. La tatu ni kuuza kitu kisichokuwa mali ya muuzaji. Kila moja lapasa kupimwa kwa elimu wala si kwa hasira.

Somo hili halimtaji mtu wa kuchaguliwa wala chama cha kufuatwa. Makusudio yake ni kubainisha jambo moja: kukosekana mtu mwema hakuiondoi amana shingoni mwa mwenye kura, bali hugeuza suali. Suali la kwanza ni, "Nani mwema?" Likikosa jawabu, huja la pili: "Ni tendo gani ambalo likitendwa leo, dhara ya watu itapungua?" Na mtu hataepukana na suali la pili kwa kuwa la kwanza limemshinda.

FASLU YA KWANZA
Kura ni nini katika sharia

Karatasi ya kura haikutajwa katika vitabu vya wanavyuoni wa kale, kwani haikuwako. Lakini maana zilizomo ndani yake zilijulikana tangu zamani, nazo ni tatu.

Ya kwanza ni ushahidi. Mwenye kupiga kura ashuhudia kwamba huyu, kati ya hawa waliosimama, ndiye afaaye zaidi kwa kazi hii. Na ayatazame sana msomaji maneno haya, "kati ya hawa waliosimama". Hashuhudii kwamba mtu huyu ni mwema mbele ya Mwenyezi Mungu, wala hashuhudii kwamba hakuna aliye bora kuliko yeye katika nchi. Ashuhudia juu ya waliopo tu. Basi aliyemchagua mwenye aibu chache akamwacha mwenye aibu nyingi hakusema uwongo. Na katika Suratul-Baqara, aya ya 283, imebainishwa kwamba mwenye kuficha ushahidi moyo wake umeingia dhambini.

Ya pili ni uwakala. Mbunge na diwani husema kwa niaba ya watu, na neno lao hubeba mali za watu na roho zao. Mtu akimweka wakili mbovu na hali amjua ubovu wake, na aliye nafuu yupo, hana udhuru atakapokuja kulia.

Ya tatu ni amana. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ameamrisha amana zifikishwe kwa wanaostahiki. Na Imamu Shafi'i, Mungu amrehemu, alikilinganisha cheo cha mtawala kwa raia na cheo cha walii kwa yatima. Basi na afikiri mwenye kura kana kwamba yatima yuko mbele yake, na mali ya yatima ni shamba na mifugo, na hapana budi pawe na msimamizi. Wakija watu watatu, na hakuna hata mmoja aliye kamili, je, mwenye akili atasema, "Kwa kuwa hawakukamilika, mali na iachwe bila mwangalizi"? Hasemi hayo. Atamtafuta yule ambaye mikononi mwake mali ya yatima itapungua kidogo kuliko wengine, kisha atamwekea macho.

FASLU YA PILI
Khabari ya Tabora na Geita katika mwaka 1958

Wako wadhanio kwamba tatizo la kukosa wa kuchaguliwa ni la siku hizi. Lakini wazee wa nchi hii walikabiliwa nalo tangu uchaguzi mkuu wa kwanza, na lao lilikuwa zito zaidi.

Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Serikali iliweka uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa kanuni iliyoitwa kura tatu. Kila jimbo la uchaguzi lilikuwa na viti vitatu, kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Muasia na kimoja cha Mzungu, ingawa Waafrika walikuwa wengi mno na wengine ni wachache. Mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila taifa. Akimchagua mmoja na kuwaacha wawili, karatasi yake huharibika yote. Tena si kila mtu aliruhusiwa. Sharti mtu awe ametimiza miaka 21, na awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe amesoma mpaka darasa la nane, au ameshika kazi fulani za uongozi. Katika nchi iliyokuwa na watu zaidi ya 8,000,000, walioandikwa walikuwa kiasi cha 60,000 tu.

Basi haikuwa kwamba wagombea hawakupendeza, bali hata mlango wenyewe wa kura ulijengwa kwa dhulma. Je, mtu aingie au asiingie?

Katika Januari 1958 wajumbe wa chama cha TANU walikutana Tabora, mji uliounganishwa na Shinyanga kwa reli iendayo Mwanza. Wakagawanyika. Wengine, na miongoni mwao Zuberi Mtemvu na Bhoke Munanka, walisema kuingia katika uchaguzi wa namna ile ni kuikubali dhulma. Na wengine, na mbele yao Julius Nyerere, walisema kususa ni kuviacha viti vyote kwa chama cha United Tanganyika Party, kilichokuwa kikipendelewa na serikali. Husimuliwa kwamba Nyerere aliwapigia mfano wa mtu aliyevaa nguo nyeupe safi, na shamba lake liko ng'ambo ya matope: akiogopa matope, hatalifikia shamba. Kura zikahesabiwa, 37 wakakubali kuingia na 23 wakakataa. Watu wakauita uamuzi ule Uamuzi wa Busara.

Baada ya hapo hawakuketi. Walijua kwamba karatasi yawadai Mzungu mmoja na Muasia mmoja, basi badala ya kulalamika wakatafuta miongoni mwa Wazungu na Waasia wale waliokuwa karibu zaidi na haki. Katika Jimbo la Kaskazini walisimama Derek Bryceson na Bibi Sophia Mustafa, wakaungwa mkono wakashinda. Uchaguzi ulifanywa kwa duru mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na Jimbo la Ziwa likawa katika duru ya pili. Waliosimama kwa upande wa TANU au kwa kuungwa mkono nayo wakashinda, na chama kilichotegemea kanuni ile kikafa. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 kanuni ya kura tatu haikuwapo tena, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru.

Lakini asikome msomaji hapo, kwani kisa kina upande wa pili. Katika nchi ya Usukuma matawi ya TANU yalikuwa yamezuiwa tangu mwaka 1954 mpaka 1958. Na katika mwaka huo huo wa 1958 watu wa Geita waliwekewa baraza la wilaya la kuchanganya mataifa, nao hawakulitaka. Hawakusema, "Na tuingie tulitengeneze kwa ndani." Walikataa. Wala hawakukataa kwa kulala majumbani, bali walikusanyika kwa maelfu, wakayapeleka malalamiko yao mpaka Mwanza, na baraza lile halikusimama.

Basi mwaka mmoja, nchi moja, na watu wenye makusudio mamoja: huku wakaingia, kule wakakataa, na pande zote mbili zikapata manufaa. Siri yake ni nini? Siri yake ni kwamba baraza la Geita lisingeweza kwenda bila ridhaa ya watu, basi kukataa kwao kuliivunja ile dhara. Na viti vya kura tatu vingejazwa tu, watu wakiridhia au wasiporidhia, basi kukataa kungeiachia dhara njia. Hii ndiyo mizani ya kwanza. Kabla mtu hajasema "sipigi", na ajiulize: kukataa huku kwaizuia dhara, au kwaifungulia mlango?

FASLU YA TATU
Kauli za wanavyuoni

Ule mfano wa matope una asili katika fiqhi, na kila mwanafunzi wa chuo ameusoma. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaj kwamba tope la njiani, hata ikiwa yakini kwamba lina najisi, husamehewa kadiri ile ambayo ni vigumu kujiepusha nayo. Kwa nini? Kwa sababu watu hawana budi kutembea, na lau wangeambiwa wasitoke nyumbani mpaka njia zitakate, sala za jamaa zingekoma na masoko yangefungwa. Lakini hakusema mwanachuoni yeyote kwamba kwa kuwa tope limesamehewa, mtu ajigaragaze ndani yake. Limesamehewa lile lililomrukia apitapo, wala si lile alilojipaka kwa mkono wake. Na tofauti ya mwenye kupiga kura kwa dharura na mwenye kuuza kura ni hiyo hiyo.

Mas'ala ya pili ni ya maji. Mtu aliyepata maji machache yasiyotosha udhu wake afanye nini? Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi'i ni kwamba yampasa ayatumie yale machache kwanza, kisha atayamamu kwa viungo vilivyobaki. Haruhusiwi kuyamwaga akasema, "Kwa kuwa hayatoshi, ni kama hayapo." Wanavyuoni wakatoa hapo kanuni kwamba lile liwezekanalo halianguki kwa sababu ya lile lisilowezekana. Watu wa Shinyanga, ambao kiangazi chao ni kirefu na mito yao hukauka, hawahitaji kufasiriwa zaidi thamani ya maji machache.

Mas'ala ya tatu ni ya madhara mawili yakikutana. Imamu Suyuti, aliyefariki mwaka 911 wa Hijra, ameieleza katika kitabu chake cha kanuni za fiqhi kwamba huchukuliwa dhara iliyo nyepesi ili kuizuia iliyo nzito. Na kabla yake Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi'i aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, alilitazama suala la zama ambazo waadilifu wamekosekana, akaona kwamba hapo hutangulizwa yule ambaye ufasiki wake ni mdogo. Sababu yake ni kwamba maslaha ya watu hayasimami yakangojea mpaka mwadilifu azaliwe.

Na juu ya yote haya ni lile lililomo katika Suratut-Taghabun, aya ya 16, kwamba mja ameamrishwa kumcha Mungu kwa kadiri ya uwezo wake. Hakuamrishwa kuwachagua wasiokuwako.

FASLU YA NNE
Mizani ya mambo matano

Atauliza muulizaji: "Nimekubali kwamba yapasa kutafuta aliye nafuu. Lakini nitampima kwa nini, na wote maneno yao ni matamu?" Jawabu: ni kwa yale matano ambayo Imamu Ghazali ameeleza kwamba sharia imekuja kuyahifadhi, nayo ni dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mgombea asipimwe kwa wimbo wake wala kwa wingi wa magari yake. Apimwe kwa haya.

Dini: je, huwaacha watu waabudu kwa amani, au hutafuta kura kwa kuwagombanisha?

Nafsi: hili katika nchi ya machimbo hutangulia mengi. Tarehe 5 Oktoba 2015 mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyangarata, wilayani Kahama, uliporomoka, na watu wakafukiwa. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watano wakatolewa wakiwa hai. Na ahesabu msomaji: uchaguzi mkuu wa mwaka ule ulifanywa tarehe 25 Oktoba. Wenzao walipokuwa wakipanga safu vituoni, wao walikuwa chini ya ardhi gizani, hawajui usiku wala mchana. Hawakuweza kupiga kura, na hapana watu waliohitaji zaidi kiongozi mwenye kujali usalama wa mashimo. Basi aliye juu ya ardhi, karatasi iliyo mkononi mwake si yake peke yake. Na aulize juu ya mgombea: amewahi kusema neno juu ya nguzo za mashimo, juu ya zebaki ambayo vijana huichoma na kuvuta moshi wake, juu ya zahanati?

Na katika nafsi huingia damu ya wanyonge. Tangu mwaka 2007 nchi ilisikia khabari za kuuawa watu wenye ualbino, na Kanda ya Ziwa ikatajwa sana, kwa sababu ya waganga waliowadanganya watu kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri na vyeo. Katika Januari 2015, mwaka wa uchaguzi, serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Mgombea ambaye yajulikana kwa ushahidi, si kwa uvumi, kwamba hukimbilia uchawi kama huo, huyo hana nafasi katika mizani hata akigawa dhahabu.

Akili: je, ana habari ya shule na vyuo, au humfaa zaidi vijana wabaki ujingani na ulevini?

Kizazi: je, hujali watoto wanaopelekwa mashimoni badala ya shuleni, na mabinti wanaoharibiwa pembezoni mwa machimbo?

Mali: migodi mikubwa hulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri, na madiwani ndio wakaao kuamua utumike wapi. Mtu hudhani kura ya diwani ni ndogo, na kumbe diwani ndiye aliye karibu zaidi na mfuko huo. Je, ni mtu wa hesabu, au amekwisha kula cha msikiti, cha ushirika au cha shule?

Akiisha kuwapima hivyo, huenda akaona wawili ni wabaya, lakini ni nadra ubaya wao kuwa sawa katika yote matano. Na tofauti hiyo ndogo, ikizidishwa kwa watu wa wilaya nzima na kwa miaka mitano, si ndogo tena.

FASLU YA TANO
Kususa, na hukumu yake

Wako wanavyuoni waliosema kwamba kujitenga na siasa ni salama kwa dini ya mtu, na hoja yao isidharauliwe, kwani waliyaona madhara yake. Na yuko mtu ambaye, baada ya kupima kwa insafu, haoni tofauti kabisa, au aona kwamba kuingia ni kuitia nguvu dhulma. Mtu huyo kususa kwake kwaweza kuwa na njia. Lakini kuna masharti.

Sharti la kwanza ni awe amepima, wala si amechoka. Sharti la pili ni awe na sababu ya kudhani kwamba kukataa kwake kutapunguza dhara, kama walivyokataa watu wa Geita. Sharti la tatu ni kukataa kuwe na sauti, ijulikane kwamba kumekataliwa nini na kwatakiwa nini. Kwani ukimya hauna tafsiri. Katika uchaguzi wa mwaka 2010, katika kila watu 100 walioandikishwa nchini waliopiga kura walikuwa 43 tu. Waliobaki nyumbani walikuwa wengi kuliko waliokwenda. Je, walisema nini? Hakuna ajuaye. Mwenye hasira, na mgonjwa, na mvivu, na aliyehama, wote waliandikwa katika safu moja, na viti vikajazwa kama kawaida. Aonaye hapana wa kumpa hata mmoja, na ataka ijulikane hivyo, karatasi isiyokuwa na alama huhesabiwa pamoja na zilizoharibika na hutangazwa. Ni neno dogo, lakini ni neno.

Sharti la nne ni damu. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, hakikuwamo katika karatasi ya kura, na watu wengi walilikuta suali hili hili mlangoni: kwenda, au kutokwenda? Wako waliokwenda na wako waliokaa, na siku ile na zilizofuata damu za watu zilimwagika katika miji kadhaa, na nyumba nyingi zikawekwa matanga. Basi na ijulikane kwamba aliyepiga kura kwa kupima na aliyeacha kwa kupima, wote wawili ni watu wa ijtihadi katika jambo hili. Haifai mmoja kumwita mwenziwe msaliti wala kafiri, wala haifai kwa yeyote, raia au mwenye mamlaka, kuihalalisha damu ya mtu kwa ajili yake. Wale 37 na wale 23 wa Tabora walitofautiana, na hakuna aliyemtoa mwenziwe roho.

MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Mgombea amegawa sukari, kanga na fedha. Je, yafaa kuchukua na kumpa kura mwingine?
Jawabu: Haifai kuchukua. Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kupokea, na kupokea ujira juu ya ushahidi ni kuuza kisichouzwa. Sheria ya nchi iliwahi kuiruhusu kwa jina la takrima katika mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo mwaka 2006. Jina zuri halikuisafisha. Aliyekwisha kuchukua na airudishe, na hapana deni la kura juu yake.

Suali: Na kama ameapishwa kwa Msahafu kwamba atampa kura?
Jawabu: Kiapo hakihalalishi haramu. Akijua kwamba mtu huyo atawadhuru watu na aliye nafuu yupo, na akivunje kiapo chake na atoe kafara: alishe maskini kumi, kila mmoja kibaba cha chakula cha mji wake, mahindi au mchele au mtama, au awavishe hao kumi. Asiyeweza na afunge siku tatu, wala si lazima zifuatane.

Suali: Je, amchague wa dini yake au wa kabila yake hata akiwa mbovu?
Jawabu: Makka ilipowabana Waislamu, kiasi cha mwaka 615, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza sahaba zake Uhabeshi, kwa mfalme wa Kinasara, kwa kuwa mfalme yule hakuwa akimdhulumu mtu. Watu wa kabila yao walikuwa Makka, na uadilifu ulikuwa ng'ambo ya bahari. Basi waliifuata haki ilikokuwa. Msukuma na Msumbwa, Muislamu na Mkristo, wote wafa kwa shimo lile lile likiporomoka.

Suali: Apewapo karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, je, lazima azifuatanishe kwa chama kimoja?
Jawabu: Si lazima. Kila karatasi ni ushahidi mbali. Aweza kumpa diwani wa huku na mbunge wa kule, na akiona hapana afaaye katika mojawapo, asiziangamize zote tatu kwa sababu ya moja. Wazee wa mwaka 1958 walinyimwa ruhusa hiyo, na waliomo sasa wameipata.

Suali: Mchimbaji ametoka Nyarugusu amefuata dhahabu Kahama, na jina lake liko alikotoka. Afanyeje?
Jawabu: Mambo hufuatwa kabla ya siku yake. Daftari la wapiga kura linapofunguliwa kusahihishwa, na aende ahamishe jina lake. Aliyekumbuka asubuhi ya uchaguzi ni kama aliyekumbuka udhu imamu akiwa katika salamu.

KHATIMA

Katika mwaka 1965 nchi ilikuwa ya chama kimoja. Mwenye kura alipewa watu wawili wa chama kile kile, mmoja na alama ya jembe na mwingine na alama ya nyumba, na wengi wangeweza kusema hapana cha kuchagua. Lakini wapiga kura walipima hivyo hivyo, na mawaziri wakaanguka, hata waziri wa fedha, Paul Bomani, aliyekuwa kiongozi mashuhuri wa ushirika wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Watu wale walikuwa na maji machache, nao hawakuyamwaga.

Basi na ajue mwenye kura kwamba kazi yake haishii kituoni. Aliyemweka walii wa yatima hulala jicho moja wazi. Akiisha kuchagua aliye nafuu, na ahudhurie mkutano wa kijiji, na aulize hesabu ya fedha za mgodi, na amkumbushe mjumbe wake kwa adabu, bila ya hofu wala matusi. Na ambaye hakupata mwema wa kumchagua katika mwaka huu, na amtafute mwema wa kumsimamisha katika mwaka ujao, kwani wema wengi hukaa nyumbani kwa kuwa hakuna aliyewaendea. Lawama ya kwamba hakuna wa kuchaguliwa humrudia kila mtu aliyemjua mwaminifu katika mtaa wake asimwambie neno.

Mwenyezi Mungu awape watu wa nchi hii viongozi wenye huruma, na awape raia macho ya kuona na ulimi wa kusema kweli, na awarehemu waliokufa mashimoni na waliokufa mabarabarani, na awape subira waliowaacha. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.